Nikitoa ushuhuda wenzangu kazini wananikimbia. Nakosea wapi?

Fundi Breki: Wakuu, wakubwa shikamooni.

Mwezi wa tatu mke wangu alijifungua kwa upasuaji, akatokwa na damu nyingi mno. Aliongezewa chupa nne. Nilikesha kwenye benchi la nje nikimwambia Mungu, ukinirudishia huyu nitakutangaza popote. Akamrudisha, na mtoto mzima.

Basi natangaza. Gereji tuko saba, wote nimewasimulia, tena si mara moja, na kila nikimaliza nawakaribisha kanisani. Siku hizi nikisogea kwa mama ntilie maongezi yanakatika. Anayeniuma zaidi ni mwenzangu mmoja Mwislamu, miaka sita tumekula sahani moja. Sasa ananijibu "sawa" tu. Dini yake sijaigusa. Ninyamaze? Na ile ahadi?

Chapati Mbili: Mkuu, hata mimi nimefika katikati nikaanza kutafuta mlango 😂 Hongera ya mtoto.

Mteule77: Usirudi nyuma! Marko 16:15, tumeagizwa tuihubiri Injili. Wakikukimbia ujue adui yuko kazini.

Nesi wa Zamu: Adui tena? Fundi, hebu nikuulize. Damu alichangia nani?

Fundi Breki: Ilitoka benki ya damu, sisi tukatafuta watu wa kurudishia. Huyo jamaa ndiye aliyewahi wa kwanza. Ilikuwa Ramadhani, alikuja usiku baada ya kufuturu.

Nesi wa Zamu: Kwenye ushuhuda wako yumo?

Fundi Breki: Hapana. Huwa nasema madaktari walishakata tamaa, Mungu akatenda.

Nesi wa Zamu: Nani alikwambia walikata tamaa? Mtu anakesha na mgonjwa mpaka miguu inavimba, Jumapili anasikia madhabahuni kwamba alikata tamaa. Haya.

Ukhti Pwani: Mimi Mwislamu. Kumshukuru Mungu hakunikeri hata kidogo, sisi wenyewe alhamdulillahi haitoki mdomoni. Kinachokera ni ule mkia wa kanisani. Umesimuliwa, umelengwa na machozi, kumbe ulikuwa unatupiwa ndoano. Na Mtume wetu alifundisha kwamba asiyewashukuru watu hajamshukuru Mungu.

Mzee wa Kamachumu: Kijana wangu, nimelelewa na watu wa uamsho wa Kikristo, ule ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukatufikia huku Kagera. Kwao ushuhuda ulianza na kuungama. Kama una deni la mtu, unalipa ndipo unafungua kinywa. Na yule mtu wa Wagerasi, Marko 5, aliyetolewa pepo na Yesu, alitumwa kwa watu wa kwao akawaeleze jinsi Bwana alivyomrehemu. Hakuagizwa arudi na mtu.

Mteule77: Kwa hiyo Injili tuiweke kabatini?

Mzee wa Kamachumu: Nimesema alipe deni kwanza.

Nesi wa Zamu: Halafu Fundi, wewe mwenyewe ulichangia?

Fundi Breki: Naogopa sindano, dada.

Fundi Breki: Mrejesho. Leo asubuhi nimemwambia mbele ya wote, kaka, ule usiku ulikuja na sikuwahi kukushukuru inavyostahili. Akaendelea kufungua nati, kisha akauliza, "Mtoto mlimwita nani?" Wakuu, miezi yote hii nahubiri, jina la mtoto sikumwambia! Jioni anakuja nyumbani na mkewe kumwona. Alhamisi tunakwenda wote kuchangia damu, miezi mitatu yake ya kusubiri tangu achangie imeshapita. Mimi ndiyo mara ya kwanza.

Chapati Mbili: Kunywa chai kwanza mkuu, usije ukatuangukia.