Ramani ya choo cha mama yangu imefutiwa mkono wa urojo!!!

MwanaMalindi

Jamani nimetoka huko sasa hivi, mkono bado unantetemeka.

Yule bwana wa ramani mnamjua. Msijifanye hamumjui. Kila anaetaka kuongeza chumba Mji Mkongwe hapa anaambiwa "nenda kwake, michoro yake ndiyo inayopita." Basi leo, mbele ya watu, kajifutia mkono wa urojo kwenye ramani yangu. UROJO!

Mama yangu magoti yamekwisha, hapandi ngazi tena, na choo kiko juu. Ninachotaka ni choo kidogo chini, kwenye kile kistoo cha uani. Sitaki ghorofa, sitaki hoteli. Nikachora ninavyotaka, nikampelekea anitengenezee michoro ya kuombea kibali. Pesa ya mwanzo keshaila tangu kabla ya Ramadhani.

Nimemkuta anakula. Haya, nikasubiri. Kamaliza bajia, kamaliza kachori, kalamba kijiko, halafu bila ya kuniangalia kaivuta ile karatasi kajifutia. Vidole vyote vitano! Wala si pembeni, pale pale penye choo cha mama. Manjano imeingia mpaka kwenye bomba la maji machafu.

Namwambia, "Bwana, hiyo ramani." Ananambia, "Hii haipiti hii. Mama mpelekeni Fuoni, kule nyumba za chini tele."

Mama kazaliwa ndani ya nyumba ile! (Watu wa Fuoni, si nyinyi ninaowagombeza.)

Haipiti kwa nini? Hakusema. Ukuta gani usiguswe, maji yapite wapi, hakusema hata neno. Kafuta mkono, basi. Na mkono wenyewe ule wallahi unafunika Pemba yote na visiwa vyake.

Narudia: KAFUTA MKONO.

Yakhe_Kikwajuni

Urojo wa wapi lakini?

ShogaMkunazini

Pole shoga yangu. Mie kanichorea ngazi inayotokea dirishani kwa jirani. Nikamuuliza, "Hii inakwenda wapi?" Akanambia, "Juu."

FundiChokaa

Kufuta mkono ni utovu wa adabu, simtetei. Lakini na wewe dada, umechora kwa rula ya mtoto wa skuli unataka ipite? Kuta zetu ni mawe ya matumbawe na chokaa. Choo kikivuja, ukuta unakunywa maji unayapandisha juu. Na usimruhusu fundi akakupigia lipu ya saruji: saruji haipumui, unyevu na chumvi vinabaki ndani, baada ya muda lipu inabanduka na jiwe linaliwa. Tena usivunje kitu kabla ya kibali. Mji Mkongwe umo kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2000, hata dirisha hubadilishi kwa hiari yako. Beit al-Ajaib, lile Jumba la Maajabu, ilivyoporomoka upande Disemba 2020 sote tuliona. Nyumba hizi hazitaki mchezo.

MwanaMalindi

Fundi, haya uliyoandika hapa ndiyo niliyomlipa yeye anambie! Yeye kafanya nini? Kafuta mkono!

Yakhe_Kikwajuni

Si uchore nyengine tu? Karatasi hiyo, si hati ya nyumba.

MwanaMalindi

Yakhe usinitie hasira. Kurasa zote pale mezani, magazeti yapo, kachagua choo cha MAMA.

Yakhe_Kikwajuni

Labda alitaka kuonesha maji yatapita wapi 😂😂

Popobawa_Mstaafu

Nyinyi mnalia na karatasi. Jirani yangu kapandisha tenki la maji juu ya paa la boriti. Tenki! Limejaa! Boriti zile za mikoko, mti wenyewe haufiki mbali, ndiyo maana vyumba vyetu vyembamba. Leo unazibebesha tenki? Usiku nasikia dari linalia. Watoto nimewahamishia chumba cha mbele.

ShogaMkunazini

Afadhali tenki. Kwetu kiyoyozi cha wageni wa juu kinatiririka kwenye baraza, wazee hawana pa kukaa.

MtuWaWete

Nyinyi wa Unguja mna raha zenu. Huku jirani kajenga ghorofa, dirisha limetazama uani kwetu. Wanawake hawaanui nguo, hawakai, hata kupika wanapikia ndani na moshi wote. Nikenda kumwambia ananijibu, "Dirisha la hewa." Hewa gani ina kichwa cha mtu kinachungulia?

ShogaMkunazini

Astaghfirullah. Mpeleke kwa sheha.

MtuWaWete

Sheha shemegi yake.

Popobawa_Mstaafu

Pandisha ukuta.

MwanaMalindi

Jamani, na huyu aliyefuta mkono?

FundiChokaa

Wete, usipandishe ukuta bila ya kibali, atakugeuzia kesi. Mwambie aliinue dirisha lipite kimo cha mtu. Hewa itaingia na macho hayatatoka. Ukuta wake tofali au udongo?

MtuWaWete

Tofali. Hilo nishamwambia. Kakubali, lakini anataka fundi nimlipe mie.

Popobawa_Mstaafu

Umlipe WEWE??

MtuWaWete

Na saruji ninunue mie.

ShogaMkunazini

Taja mtaa tuje.