Tasmania: nakwenda kwa dada Desemba. Nianzie wapi, na ni kweli wenyeji wake waliisha wote?

Mwalimu wa Ujiji

Wadau, habari za jioni. Nafundisha historia na jiografia sekondari hapa Ujiji. Dada yangu ni muuguzi, anaishi Launceston, kaskazini mwa kisiwa cha Tasmania kule Australia, na mwaka huu kanikatia tiketi. Nitakaa wiki tatu. Safari yangu ndefu mpaka leo ni treni ya Kigoma hadi Dar, kwa hiyo jambo hili ni kubwa kwangu na sitaki liishie kuzunguka madukani.

Nimesoma kiasi changu. Tasmania ina kilomita za mraba kama 68,000, yaani ni ndogo kidogo kuliko mkoa wa Tabora. Mlango wa Bass, bahari inayoitenga na bara, una upana wa kilomita 240 hivi. Mholanzi Abel Tasman alikiona kisiwa mwaka 1642 akakipa jina la mkubwa wake, Van Diemen. Waingereza wakaingia 1803 na kukigeuza gereza. Jina la Tasmania likaanza rasmi 1856, wafungwa walipokuwa wameacha kuletwa na jina la zamani limekwisha kuchafuka.

Swali langu ni hili. Kila mwaka nawapeleka wanafunzi pale kwenye kumbukumbu ya Livingstone, chini ya miembe, alipokutana na Stanley 1871. Mwaka jana mtoto wa kidato cha pili, binti mkimya ambaye kwa kawaida hanyooshi mkono, akaniuliza: "Mwalimu, na waliowabebea mizigo, majina yao yako wapi?" Nikamtajia Susi, Chuma na Bombay, nikaishiwa. Misafara ile ilikuwa na watu kwa mamia. Swali lake halijanitoka.

Sasa katika maandishi niliyosomea chuoni imeandikwa kwamba wenyeji wa Tasmania waliisha kabisa, na wa mwisho akafa 1876. Ni kweli? Kama si kweli, niende wapi niwasikie wenyewe? Na yule mnyama wanayemwita shetani wa Tasmania yupo, au ni wa katuni? Milima nayo naitaka, nina miaka 47 na magoti bado yanakubali.

Binti Kasulu

Mwalimu, shikamoo. Niliishi Hobart, kusini mwa kisiwa hicho, kuanzia 2017 hadi 2019 nikisomea uhifadhi wa wanyamapori. Nitakueleza niliyoyaona.

Nianze na lile zito. Hapana, hawakuisha. Mimi nami nilifika na maneno hayo hayo kichwani. Wiki yangu ya pili niliingia jumba la makumbusho la Hobart, nikamuuliza mama mmoja wa makamo aliyekuwa amesimama karibu nami kuhusu "yule wa mwisho". Akaniangalia kwa utulivu tu, akasema yeye ni mwenyeji, mama yake alikuwa mwenyeji, na wajukuu zake wako shuleni. Niliona aibu ambayo mpaka leo nikiisimulia naisikia mwilini. Kwa hiyo tafadhali, ukifika usitumie neno "wa mwisho" mbele za watu wale. Ni neno lililotumika kuwanyima haki zao, kwa sababu aliyekwisha hadai ardhi.

Huyo wa 1876 ni Truganini, mwanamke wa kisiwa cha Bruny. Alikuwa anaogopa kwamba akifa watamkatakata, kwa sababu alikwisha kuona alivyofanyiwa William Lanne mwaka 1869: maiti yake ilinyofolewa viungo na madaktari waliokuwa wakigombea fuvu. Na ndivyo ilivyokuwa. Alizikwa, akafukuliwa, na mifupa yake ikakaa kwenye kabati la makumbusho watu wakiitazama hadi 1947. Majivu yake yalirudishwa baharini mwaka 1976, miaka 100 baada ya kufa. Sisi ambao fuvu la Mkwawa lilirudi 1954 hatuhitaji kuelezwa sana. Daktari mmojawapo, Crowther, aliyekuja kuwa waziri mkuu wa koloni, alijengewa sanamu katikati ya Hobart. Nilikuwa naipita nikienda maktaba. Baraza la mji lilipiga kura kuiondoa mwaka 2022.

Kabla ya hapo kulikuwa na vita. Walowezi walitaka majani kwa ajili ya kondoo, na majani yale yalikuwa mbuga za kuwindia za wenyeji, walizozitunza kwa kuchoma moto kwa zamu. Mwaka 1828 gavana akatangaza sheria ya kijeshi. Mwaka 1830 wakapangwa watu kama 2,200, askari, walowezi na wafungwa, wakaenda mstari mmoja porini kwa wiki kadhaa kuwasukuma wenyeji kusini kama wawindaji wanavyoswaga swala. Walikamata wawili tu. Lakini waliobaki walikuwa wamechoka na wamepukutika. Wakashawishiwa kwa ahadi, wakapelekwa kisiwa cha Flinders mahali paitwapo Wybalenna. Waliohamishwa kutoka pale mwaka 1847 walikuwa 47. Wengi walikufa kwa magonjwa ya kifua.

Vizazi vyao vinatoka kwa wanawake wa visiwa vya Mlango wa Bass, na kwa wengine kama Fanny Cochrane Smith, aliyezaliwa Wybalenna. Huyu mwandike kwenye daftari lako, Mwalimu. Mwaka 1899 na 1903 aliimba nyimbo za kwao mbele ya mashine ya kunasa sauti kwenye nta, na hizo ndizo sauti pekee za zamani za lugha za kule zilizosalia. Nilizisikia kwa vipokea sauti vya masikioni, zina mikwaruzo, halafu sauti ya mama inapanda. Leo watoto wanafundishwa lugha iliyofufuliwa, palawa kani, na mlima wa Hobart umerudishiwa jina lake, kunanyi.

Wanyama sasa. Shetani yupo, Mwalimu. Ni mweusi, ana ukubwa wa mbwa mdogo na alama nyeupe kifuani, na masikio yake hugeuka mekundu akikasirika. Wazungu walimwita hivyo kwa sababu ya ukelele wake usiku. Ni mnyama wa mfuko, kama kangaruu. Anakula mzoga wote, mifupa na manyoya, kwa hiyo ndiye fisi wa kule. Jike huzaa vitoto 20 au zaidi, kila kimoja kidogo kama punje ya mchele, na ana chuchu nne tu.

Tatizo lake ni saratani ya uso iliyoonekana mara ya kwanza 1996. Virusi havihusiki. Seli zenyewe za saratani huhama kutoka mnyama hadi mnyama wanapoumana usoni wakigombea mzoga au wakati wa kupandana. Seli hizo huficha alama ambazo mwili huzitumia kumtambua mgeni, kwa hiyo mwili hauzishambulii. Sehemu nyingi idadi imeshuka kwa asilimia 80. Nilimshika mmoja kwenye mtego wa utafiti, uvimbe umemfunga jicho. Nilikumbuka Gombe nilikofanya mafunzo kwa vitendo, tulivyokuwa tunawaambia wageni wasiwasogelee sokwe. Polio ya 1966 iliwalemaza na kuwaua sokwe kadhaa kwenye kundi dogo lile. Mnyama akishabaki mahali padogo, ugonjwa mmoja unatosha.

Na usisahau tailasini, mnyama kama mbwa mwenye milia mgongoni. Serikali ililipa pauni moja kwa kila kichwa kuanzia 1888 hadi 1909, ikalipia zaidi ya vichwa 2,000. Wa mwisho kujulikana alikufa kwenye bustani ya wanyama ya Hobart tarehe 7 Septemba 1936. Sheria ya kumlinda ilikuwa na siku 59 tu.

Nitarudi kwenye milima kesho, hapa umeme unasuasua.

Nyuki wa Sikonge

Mwalimu, kutoka Tabora nakusalimu. Kule sijafika ila kuna jambo moja nalijua kwa sababu ya kazi yangu, nalo ni asali. Misitu ya mvua ya magharibi mwa Tasmania ina mti wanaouita leatherwood, maua meupe, asali yake ina harufu kali ya maua na viungo. Mteja mmoja aliniletea kikopo. Nilipoonja nilikaa kimya kidogo. Haifanani kabisa na hii yetu ya mtundu na myombo, iliyo nzito na yenye moshi kidogo.

Wafugaji wa kule hupakia mizinga kwenye malori na kuingia msituni maua yanapofunguka, Januari hadi Machi. Desemba utakuta ya msimu uliopita, nunua hivyo hivyo. Nyuki wao waliletwa kutoka Ulaya, wapole, si hawa wetu. Kinachonitia huzuni ni kwamba mti huo unachukua miongo kadhaa kabla ya kutoa nekta ya maana. Hapa Sikonge moto ukipita Agosti, miombo inachipua mvua za kwanza. Baba yangu alipoteza mizinga ya magogo 30 kwa moto wa mtu aliyekuwa anafukuza panya, lakini miti ilibaki na tukaanza tena. Kule ukiungua umeungua.

Jambo jingine: usibebe asali yetu kwenda nayo, na dagaa usiwafiche kwenye begi. Wana mbwa wa kunusa uwanja wa ndege. Chakula chochote ulicho nacho kitangaze kwenye fomu.

Kibirizi Boti

Mie naendesha boti za Gombe. Ziwa lao lenye kina kuliko yote Australia nzima, St Clair, halifiki hata mita 200. Tanganyika ni 1,470. Hilo mkawaambie.

Ila naomba niseme. Wanasifu sana gereza la Port Arthur, watalii wanalipa kwenda kuwalilia wafungwa wa Kizungu. Mimi siwalilii. Ndio hao hao waliopangwa mstarini kuwafukuza wenye nchi.

Binti Kasulu

Kaka Kibirizi, nakuelewa, na kuna wafungwa waliofanya unyama mkubwa huko porini. Lakini nenda mwenyewe pale kabla hujamaliza hukumu. Walioletwa kisiwani hadi 1853 walikuwa zaidi ya 70,000, wengi kwa wizi mdogo. Ng'ambo ya ghuba kulikuwa na gereza la watoto, Point Puer, wengine wana miaka tisa. Kwenye jengo la vyumba vya upweke mfungwa alikatazwa kusema, akitoka anavishwa kinyago asitambuliwe, na hata kanisani kila mmoja alisimama kwenye kisanduku chake asimwone jirani. Nilifunga mlango wa chumba kimoja nikahesabu dakika. Sikufika tano.

Na si wote walikuwa Wazungu. William Cuffay alikuwa fundi cherehani wa London, mtoto wa mtu aliyezaliwa St Kitts katika ukoo wa watumwa. Alipelekwa Tasmania kwa kudai haki ya kura kwa wafanyakazi. Aliposamehewa hakurudi, akaendelea kupigania mafundi na vibarua Hobart mpaka kifo chake 1870. Mwalimu, huyo naye ni wa daftari. Ukiwa Port Arthur usiwaulize wafanyakazi habari za mauaji ya 1996, waliuawa watu 35 pale na wengine wamefiwa. Kuna bustani ya kumbukumbu, ingia kimya.

Milima: kutoka Launceston hadi Cradle Mountain ni kama saa mbili na nusu kwa gari. Ile njia ya miguu ya siku sita, kilomita 65, iitwayo Overland Track, kwa Desemba inatakiwa kulipiwa mapema, lakini kuzunguka ziwa Dove kunatosha, saa mbili au tatu. Mwamba umesimama kama mianzi ya mawe iliyofungwa pamoja. Jioni kaa Ronny Creek uone wombati, nao ni wanyama wa mfuko, wakitoka kula, wanene, wafupi, kinyesi chao kina pembe nne kama matofali. Jua linazama karibu saa tatu usiku. Beba koti zito, theluji huanguka juu hata kiangazi. Usiruhusu shemeji aendeshe kasi giza likiingia, barabara zimejaa walabi, jamii ya kangaruu wadogo.

Alichosema mzee wa Sikonge kuhusu moto ni kweli tupu. Januari 2019 Hobart ilijaa moshi, nikadhani niko nyumbani mwezi wa nane. Tofauti ni kwamba huko juu kuna misonobari ya kale, mmoja una miaka elfu moja, haijui moto kabisa. Nilipanda baadaye nikaikuta imesimama myeupe, imekufa.

Mwalimu wa Ujiji

Nimesoma yote kwa sauti, mke wangu anasikiliza. Asanteni sana, na mzee wa Sikonge, dagaa nimeshawatoa kwenye begi. Yule binti Januari anaingia kidato cha nne, nitampelekea majina ya Fanny na Cuffay. Binti Kasulu, Wybalenna pafikika? Nina siku mbili za ziada.

Binti Kasulu

Pafikika. Kuna ndege ndogo kutoka Launceston hadi kisiwa cha Flinders, halafu gari. Ardhi ile imerudishwa kwa wenyeji, kwa hiyo ulizia kwanza kwa jumuiya yao, ni heshima. Utakuta kanisa dogo la matofali na upepo usiokatika. Pembeni kuna makaburi. Ya Wazungu yana mawe na majina. Ya wenyeji hayakuwekewa jiwe, ni majani tu, na ukitembea unatembea juu yao bila kujua. Mimi nilivua viatu.