Baba haendi barazani wala msikitini, nimfanyeje?

Binti wa Kibokoni (Julai 2020)
Asalaam aleikum ndugu zangu. Baba yangu ana miaka 71. Tangu astaafu bandarini siku yake haikubadilika: alfajiri msikitini, alasiri barazani na wenzake, kahawa chungu, kashata na bao mpaka magharibi. Machi misikiti ikafungwa kwa ajili ya korona. Mei 6 Mji wa Kale wote hapa Mombasa ukazibwa, tumo ndani ya Ramadhani. Tarawehe akatuswalisha ukumbini, mimi, mama na wajukuu wawili. Alistahimili, kwa kuwa sote tulikuwa hali moja.

Lililomvunja ni la mwezi huu. Misikiti yafunguliwa, lakini watu wasizidi 100, kwa muda wa saa moja, na aliyepita miaka 58 asiingie. Alikuwa ameshavaa kanzu na kofia, mdogo wangu ndiye aliyemwambia. Akavua kanzu, akaitundika msumarini, asiseme neno. Tangu hapo hula tonge mbili tatu, mchana kutwa kalala, redio haifungui. Korona naiogopa, lakini na hili naona lammaliza. Wenye wazee nyumbani, mwafanyaje?

Mzee wa Dele
Mwanangu, mimi nina 66, nami sina ruhusa. Kila saa twaambiwa "pumzika ndani", mpaka mtu ajione mzigo. Mpe kazi. Shule zimefungwa na mwaka huu hazifunguliwi, hao wajukuu wawili na wasome Kurani kwake kila asubuhi. Mimi ninao watatu, na wasipokuja nawaita.

Ami Makadara
Dada, msimtoe. Baba mdogo wangu tulimzika Mei, watu wachache, maiti hatukumwosha wenyewe. Bao litangoja.

Muuguzi Likoni
Pole sana kaka. Dada, kwanza mpimeni presha na sukari. Wazee wengi ninaowaona waliacha kliniki tangu Machi kwa hofu, dawa zikawaishia, na kukosa hamu ya kula si lazima iwe huzuni peke yake. Bao lawezekana: nje penye upepo, mwenzake mmoja na awe yuyo huyo kila siku, barakoa, wanawe mikono kwa sabuni kabla na baada ya kushika kete. Kahawa anywe kwa kikombe chake kutoka nyumbani. Vile vya muuzaji husuuzwa ndoo moja, watu wote.

Binti wa Kibokoni
Ami, Mungu amrehemu, maneno yako yaliniweka macho usiku. Presha ilikuwa juu kweli, amerudi kwenye dawa. Jana nilimwita rafiki yake mmoja, wakaketi nje mlangoni kwetu, kila mtu na kikombe chake. Mchezo wa kwanza baba akafungwa mapema, kete hata hazijaisha mkononi. Kabla ya kulala akaniuliza kama nimemwambia yule bwana kesho awahi.