Kulipwa na kupata krediti kwa mafunzo yale yale: inaruhusiwa nikiwa na viza ya mwanafunzi ya F-1?

Mwanafunzi_2L
Habarini wakuu. Nasoma JD, shahada ya sheria, mwaka wa pili hapa Marekani. Nimepata nafasi ya mafunzo kwa vitendo kwenye ofisi ndogo ya mawakili wanaotetea wapangaji. Siku ya usaili wakili alinipa notisi ya kumtoa mpangaji nyumbani, akaniambia nitafute kasoro. Jina la mwenye nyumba halikufanana na lile la kwenye mkataba. Nilipomwonyesha akasema, "Njoo ufanye kazi na sisi." Tangu siku hiyo sitaki kwenda kwingine.

Wanataka kunilipa kwa saa, nami nataka krediti 3 za kuhesabiwa kwenye shahada. Mwenzangu darasani anasema ABA, Chama cha Mawakili cha Marekani, kinakataza kupata vyote viwili. Tena wakili anataka nianze Jumatatu, karatasi zifuate baadaye. Pesa naihitaji kwelikweli, ada imenikaba. Mnanishauri nini?

Kaka_Mkubwa
Mwenzako amekariri kanuni ya zamani. ABA waliondoa katazo hilo mwaka 2016, ila kila chuo kina uhuru wa kuendelea kukataza, na vipo vinavyokataza. Soma mwongozo wa chuo chako, usitegemee maneno ya korido.

Halafu piga hesabu ya saa mapema. Krediti moja ni dakika 50 za darasani na dakika 120 za nje kila wiki, kwa wiki 15. Hiyo ni saa 42.5, kwa hiyo krediti 3 ni saa 127.5. Uliza kama semina inayoambatana na mafunzo imo humo au ina krediti yake. Jambo jema ni kwamba krediti hizo zinaingia kwenye zile 6 za masomo ya vitendo ambazo ABA inazidai kabla hujahitimu.

Dada_wa_Rufaa
Mdogo wangu, USIANZE JUMATATU. Kwa F-1 unahitaji kibali cha CPT, yaani cha kufanya kazi iliyo sehemu ya masomo, na kinaandikwa kwenye I-20, fomu yako ya mwanafunzi wa kigeni kutoka chuoni, kikitaja mwajiri na tarehe. Ukifanya kazi siku moja kabla ya tarehe hiyo umevunja masharti ya viza, na wakili wako hana uwezo wa kukurekebishia. Mimi nilikaa siku tisa nikingoja, ofisi ikinipigia simu kila asubuhi kwa hasira. Nililia, lakini sikwenda.

Angalia na saa za wiki. Zikiwa 20 au pungufu, hiyo ni CPT isiyo ya muda wote, na OPT yako, kibali ambacho wengi hukitumia kufanya kazi baada ya kuhitimu, haiguswi. Ukifikisha miezi 12 ya CPT ya muda wote, OPT ya ngazi hiyo imekwenda.

Msimamizi_Mstaafu
Nimesimamia wanafunzi miaka mingi. Kabla ya kuanza lazima kuwe na makubaliano ya maandishi kati yako, mwalimu na msimamizi wa kazini. Wengi wanasaini bila kusoma. Wewe dai iandikwe utafanya nini hasa: kuandika hoja, kukaa kwenye mahojiano na wateja, kwenda mahakamani. Nimeona kijana mwenye akili akimaliza muhula kwa kutoa kopi tu, kwa sababu karatasi yake ilisema "kusaidia ofisi".

Na ile shajara utakayomwandikia profesa, usiweke jina la mteja wala namba ya nyumba yake. Siri ya mteja ni siri hata kwa profesa wako.

Mwanafunzi_2L
Asanteni sana, hasa wewe dada. Chuo changu kinaruhusu malipo. Nimeenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni, wamesema kwanza nisajili somo ndipo waandike CPT. Wakili nimempigia nikamweleza ukweli. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza tarehe. Tumekubaliana saa 12 kwa wiki, na nitaanza siku itakayosomeka kwenye I-20.