Milinganyo mitatu kwenye matriki: majibu yanatoka, ila hayakubali

Nusukipenyo:
Wakuu, nina milinganyo hii:

2x − y + 3z = 9
4z − x = 11
y = 5 − 3x

Nimeipanga hivi:

[ 2 −1 3 ] [x]   [ 9 ]
[ 4 −1 0 ] [y] = [11]
[−3 1 0 ] [z]   [ 5 ]

Napata x = 16, y = 53, z = 10. Nikirudisha kwenye mlinganyo wa pili inatoka 24, si 11. Hesabu nimeirudia, iko vilevile.

Safumlalo:
Kukokotoa umekokotoa sawa, umekosea kupanga. Matriki ni jedwali la namba tu: haijui herufi, inajua nafasi. Safu wima ya kwanza ni ya x, ya pili y, ya tatu z. Wewe kwenye mstari wa pili umenakili namba kwa mfuatano ulivyozikuta, kwa hiyo 4 ya z imekaa kwa x na −1 ya x imekaa kwa y. Ulichotatua ni 4x − y = 11, na kwa mlinganyo huo majibu yako ni sahihi kabisa!

Mstari wa tatu nao una kosa lake: −3x ilikuwa kulia. Ikivuka alama ya sawasawa inakuwa +3x.

Kwanza andika upya, herufi chini ya herufi mwenzake, na isiyokuwepo ipewe 0:

2x − 1y + 3z = 9
−1x + 0y + 4z = 11
3x + 1y + 0z = 5

Ndipo utoe namba:

[ 2 −1 3 ] [x]   [ 9 ]
[−1 0 4 ] [y] = [11]
[ 3 1 0 ] [z]   [ 5 ]

Determinanti (namba moja inayokokotolewa kutoka kwenye matriki) ni −23. Si sifuri, kwa hiyo jibu ni moja tu: x = 1, y = 2, z = 3.

Nusukipenyo:
Imekubali, shukrani mkuu. Nikitaka kuanza na mlinganyo wa tatu je?

Kikokotoo:
Ruksa, mradi 5 nayo ipande juu pamoja na mstari wake. Ukiubadilishana nafasi na wa kwanza, determinanti itageuka alama iwe 23, majibu hayabadiliki. Hata safu wima unaweza kuzibadilisha, ila hapo x, y na z lazima zifuate mpangilio huohuo.

Kwa Excel: weka matriki A1:C3, namba za kulia E1:E3, kisha =MMULT(MINVERSE(A1:C3),E1:E3). MINVERSE inatafuta kinyume cha matriki, MMULT inakizidisha na namba za kulia. Toleo la zamani linataka uchague seli tatu za wima kwanza, halafu Ctrl+Shift+Enter. Usigeuze mfuatano ndani ya mabano, maana 3×1 (mistari mitatu, safu wima moja) haizidishiki na 3×3, utaletewa #VALUE!. Na zile 0 ziandike. Seli tupu MINVERSE haiikubali.

Safumlalo:
Ikitokea #NUM!, determinanti ni sifuri: ama majibu hayapo, ama hayana idadi. Angalia kama mlinganyo mmoja hujauandika mara mbili kwa sura tofauti.