Jirani anataka NIMLIPE maua yake yaliyovuka ukuta kuja kwangu!!!

Mgogo_Asiyecheka:
Wakuu, naandika huku kucha zimejaa udongo. Mods msiunganishe huu uzi na ule wa wapangaji, huu ni mwingine kabisa.

Huyu mtu mnamjua. Kila mtaa wa Dodoma anaye, ila wa kwetu huku Kisasa ndiye kiranja wao. Yule wa gari jeupe linaloshwa kila siku wakati sisi tunapanga foleni ya madumu. Simtaji. Mwenyewe anasoma humu.

Akaleta yale maua ya njano yanayotambaa, wedelia, eti kwake pafanane na hoteli za ufukweni. Ufukwe, Dodoma! Mvua tunaiona Desemba mpaka Aprili, tena kwa kubahatisha. Anayamwagilia kwa mpira usiku kucha. Yakanoga, yakajaa, yakapenya kwenye tundu la maji chini ya ukuta, yakaingia kwangu. Yamemeza matembele. Yamemeza mchicha. Yamemeza ndala za mtoto. Juzi nimekaa kwenye kigoda nakunywa chai, nikahisi kitu kinanipapasa mguu.

Leo asubuhi nikashika jembe, nikang'oa upande WANGU. Mtu akatokea getini na taulo shingoni, mbele ya vijana wa boda wote: "Unajua mche mmoja nilinunua shilingi ngapi? Utanilipa."

UTANILIPA!! Na taulo shingoni!

Maua yameingia bila hodi, yamekula mboga zangu, halafu nilipe. Boda mmoja akaniuliza nitalipa kwa simu au mkononi. Wakacheka wote. Mtu ana taulo, mimi nina jembe, na mwenye deni ni mimi!

Kiti_cha_Mbele:
Nimeshakaa. Karanga ziko wapi?

Mrembo_wa_Makole:
Uzi bila picha ni umbea.

BwanaShamba_Mstaafu:
Pole mkuu, ila hiyo ni vita. Jina lake la kitaalamu ni Sphagneticola trilobata, ukoo mmoja na alizeti. Kwao ni Mexico, Amerika ya Kati na visiwa vya Karibea. Watu walilisambaza kama pambo la bustani, leo Hawaii, Fiji na Samoa wanalia nalo. Linatandaa ardhi yote na miche mingine haipati pa kuotea. IUCN, lile shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, wameliweka kwenye orodha yao ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani. Wala halihangaiki na mbegu: kila pingili inayogusa udongo wenye unyevu inatoa mizizi, kipande kidogo tu kinatosha. Swali moja: uliyong'oa umeyatupa wapi?

Mgogo_Asiyecheka:
Kwenye korongo nyuma ya nyumba. Kwani vipi?

BwanaShamba_Mstaafu:
Korongo kavu?

Mgogo_Asiyecheka:
Linapita maji ya kufulia. Mkuu usibadilishe mada, mtu amesimama getini kwangu akasema UTANILIPA.

Kiti_cha_Mbele:
😂😂😂 Jirani ana bustani, mleta mada amefungua tawi. Hao 100 wa IUCN wakihesabiwa upya, wa 101 ni wewe.

BwanaShamba_Mstaafu:
Rudi ukayaokote leo leo, hata vipande vidogo. Yaanike juu ya bati mpaka yakauke kabisa, usiyatie kwenye shimo la mboji. Hapo jua la Dodoma litakusaidia, ila chungulia kila mara, mzizi ukibaki unachipua.

Mama_Kibaigwa:
Naomba muache kutaja alizeti kwenye ujinga huu. Alizeti imenisomeshea watoto.

BwanaShamba_Mstaafu:
Mama, sijaitukana. Hata saladi ni ukoo huo huo.

Mama_Kibaigwa:
Basi nimeacha saladi.

Chuga_Boy:
Nyie mnalilia maua? Njooni Arusha muone gugu karoti, nalo ni ukoo huo huo. Mche mmoja unaweza kutoa mbegu zaidi ya 10,000. Ukiling'oa kwa mikono mitupu ngozi inaweza kukuwasha mpaka ukasahau njia ya nyumbani, na ng'ombe wakilila maziwa yanakuwa machungu. Lenu angalau linapendeza.

Mwana_Kongwa:
Arusha mnajisifu kwa kila kitu. Sisi tuna gugu mpaka limepewa jina la wilaya. Limekalia malisho, ng'ombe wanatuangalia tu.

BwanaShamba_Mstaafu:
Hilo la Kongwa siyo ukoo wa alizeti. Ni ndugu wa viazi vitamu.

Mama_Kibaigwa:
Asante.

Mgogo_Asiyecheka:
Jamani turudi kwenye taulo.

Mrembo_wa_Makole:
Taulo la rangi gani?

Mgogo_Asiyecheka:
Jeupe. Lina nembo ya hoteli.

Mrembo_wa_Makole:
Ameeeen. Sasa tunaelewana. Mtu wa hivyo angekuacha na maua yake bure?

Hombolo_Finest:
Mshukuru Mungu maua hayana miguu. Jirani yangu ana mbuzi. Wameingia shambani wakala zabibu zikiwa karibu kuvunwa, nilipokwenda kulalamika nikaambiwa nisiwafokee, mmoja ana mimba.

Kiti_cha_Mbele:
Mimba ya nani? 😂

Chuga_Boy:
Mkuu wa Hombolo, zilizobaki unauza? Nina mteja huku.

Hombolo_Finest:
Zipo nyekundu, chache. Njoo PM.

Mgogo_Asiyecheka:
Yaani hakuna hata mmoja wa kuniambia kama nimlipe au nisimlipe?? Amepita tena sasa hivi, amenikohoa.

Mama_Kibaigwa:
Na mimi nahitaji zabibu za harusi ya binti. Hombolo, kwenye ndoo ya lita 20 zinaingia kilo ngapi?