Vimeng'enya kwenye chakula cha samaki: mliotumia, tupeane uzoefu

Wakuu, habari za kazi. Dagaa hawashikiki bei, wengi wetu hapa Dar tumehamia kwenye soya na mashudu ya alizeti. Sasa kila ukiingia duka la pembejeo unaambiwa "weka enzaimu", yaani hivyo vimeng'enya. Niko Bunju, nafuga sato, chakula natengeneza mwenyewe. Mliotumia semeni: mliweka kipi, kwenye chakula gani, mlichanganyaje. Wauzaji naomba mtupishe kwanza.

Perege Mweusi, Chanika
Natumia faitesi, kimeng'enya kinachofungua fosforasi iliyofungwa kwenye mimea. Fosforasi ya kwenye soya, pumba na mashudu sehemu kubwa imefungwa ndani ya faiteti, na samaki hana uwezo wa kuifungua. Inapita tumboni, inatoka na kinyesi, inarutubisha maji. Mimi sikuona samaki wakinenepa ghafla kama wanavyotangaza, tofauti niliiona kwenye maji. Zamani bwawa lilikuwa kijani kizito, alfajiri unakuta sato wote wako juu wanahema, mbio kuwasha pampu. Siku hizi nikizamisha mkono hadi kiwiko bado naviona vidole. Na DCP, ile fosforasi ya unga tunayoongeza kwenye chakula, nimepunguza.

Fundi Pelete, Mbagala
Mimi nawatengenezea watu chakula. Mtu analeta unga ameshatia enzaimu, halafu anataka nimtolee cha kuelea! Mashine ile inapika kupita nyuzi 100. Kimeng'enya ni protini, kwenye joto hilo kinaiva kama yai, unabaki na risiti tu. Cha kuelea tafuta cha maji, nyunyiza pelete (punje za chakula) zikishapoa, malizia na mafuta kidogo juu ili kisisombwe na maji. Wanaotumia mashine ya kusagia nyama wana nafuu, joto lake dogo, wanaweza kuchanganya kwenye unga. Ila anikeni kivulini penye upepo. Turubai jeusi saa saba mchana hata vitamini hazisalimiki.

Mama Vifaranga, Kibamba
Je, ile faitesi ya kuku inafaa? Pakiti yangu imeandikwa FTU (kipimo cha nguvu ya faitesi) 5,000 kwa gramu.

Perege Mweusi
Inafaa dada, kimeng'enya ni kilekile, angalia kipimo tu. Ukitaka FTU 1,000 kwa kilo ya chakula, hiyo yako ni gramu 20 kwa kilo 100. Ni kidogo mno, usiimwage moja kwa moja. Changanya kwanza na kilo moja ya pumba laini, kisha ndiyo uitawanye kwenye unga wote. Lakini premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini) ya kuku ni habari nyingine: kuku anajitengenezea vitamini C, samaki lazima umpe.

Mama Vifaranga
Ahsante kaka. Hii ni ya pili. Ya kwanza nilipimiwa kwenye nailoni dukani, haina tarehe wala kipimo, nikairudisha. Duka silitaji.

Kambale wa Kigamboni
Mimi nanunua cha kiwandani chenye unga wa samaki wa kutosha. Humo faiteti ni ndogo, na viwanda vingine wameshatia enzaimu zao. Kuongeza tena naona ni kutupa hela. Hii ni dawa ya wanaokula soya na pumba, tusidanganyane.

Fundi Pelete
Hapo umenena. Mwanzisha uzi, soya yako unaikaanga? Soya mbichi ina vizuizi vinavyokwamisha usagaji wa protini, na faitesi haivigusi kabisa. Vile ni moto tu.

Mwanzisha uzi
Nakaanga kwenye sufuria kubwa hadi harufu ya ubichi iishe, ndipo naipeleka mashineni. Kwa hiyo nianze na bwawa moja lenye chakula cha kuzama, la pili niliache kama lilivyo?

Perege Mweusi
Ndiyo, ila vifaranga viwe vya rika moja, na pima uzito wa pande zote mbili siku moja. Pakiti ikishafunguliwa ifunge vizuri, weka kwenye ndoo yenye mfuniko. Unyevunyevu wa masika haufai.